Wingi wa Masufuria Si Heshima kwa Mgeni

Kila kamati ya harusi hapa Dar es Salaam ina mjumbe wa kusema, "Bora kibaki kuliko kipungue." Akishasema hivyo, mjadala umekwisha. Mpishi anaongezewa idadi ya watu, bajeti inapanda, wachangiaji wanapigiwa simu upya. Mimi nasema kauli hiyo ndiyo inayojaza mapipa ya kumbi zetu, na wala haimkingi mgeni yeyote na njaa.

Aibu ya mgeni kuondoka hajala ni ya kweli. Lakini waulizeni wahudumu chakula huishaje. Mshereheshaji anaita meza moja moja, sehemu ya kupakulia ni moja, foleni inazunguka ukumbi, na kila mtu anajua hatapata nafasi ya kurudi. Basi anarundika: pilau, wali mweupe, ndizi, kuku, samaki, na tikiti maji juu yake. Zikifika zamu za meza za nyuma, kuku amekwisha, huku kwenye sahani zinazokusanywa meza za mbele kuna mapaja yaliyong'atwa mara moja tu. Upungufu na ubadhirifu vimezaliwa katika foleni hiyo hiyo. Ukiongeza kilo 20 za mchele, hujaigusa foleni.

Halafu kuna hesabu ya kadi. Kadi ya dabo inahesabiwa watu wawili hata kama mwenyewe alichanga kwa heshima ya familia na siku ya sherehe yuko Mwanza kikazi. Mpishi analipwa kwa sahani, kwa hiyo idadi ikipanda pato lake linapanda. Simlaumu sana, kwa sababu chakula kikipungua, lawama zote zinamwangukia yeye. Lakini mtazameni mama lishe. Anajua Jumatatu anauza wali kiasi gani, na mvua ikinyesha apunguze nini. Saa nane mchana akisema kimeisha, hakuna anayemwita mchoyo, na kesho yake wateja wanawahi. Anapima kwa sababu mtaji ni wake. Kamati haipimi kwa sababu fedha ni za mchango.

Utetezi unaoniudhi kuliko wote ni ule wa kwamba mabaki yatapelekwa kwa yatima. Fuateni saa za hicho chakula. Pilau imeiva alasiri, imesafirishwa jioni, imepakuliwa saa nne usiku, na ukumbi unafungwa saa saba. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili katika joto la kawaida: kiwe juu ya nyuzi 60 au kipoe haraka hadi chini ya 5. Katika wali kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye mbegu zake huhimili kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu zinaamka, zinazaana na kutoa sumu ambayo hata kupasha moto hakuiondoi. Chakula ambacho bibi harusi hatampa mdogo wake asubuhi, kwa nini apewe mtoto wa kituoni? Anayetaka kulisha yatima atenge fungu lao mapema, lipikwe kwa ajili yao na liwafikie likiwa moto. Hiyo ni sadaka. Kile cha usiku wa manane ni kutua mzigo.

Na kwa kawaida hata huko hakifiki. Kinaishia dampo la Pugu Kinyamwezi, kinafukiwa chini ya taka nyingine, kinaoza bila hewa na kutoa metheni, gesi inayochochea joto la dunia. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula. Sehemu kubwa ilitoka majumbani, ni kweli, lakini asilimia 28 ilitoka migahawani, hotelini na kwa wapishi wa shughuli. Mkulima wa mpunga wa Kyela au Ifakara aliyeinama shambani msimu mzima hakulima kwa ajili ya dampo.

Dawa inajulikana. Mwaka 2013 watafiti wawili wa Norwe, Steffen Kallbekken na Håkon Sælen, walichapisha matokeo ya jaribio la hotelini. Baadhi ya hoteli zilitumia sahani ndogo zaidi kwenye bafe. Nyingine ziliweka bango la kuwakaribisha wageni warudi kupakua mara nyingi wapendavyo. Kila njia ilipunguza mabaki kwa takriban asilimia 20, na wageni waliridhika vilevile. Mtu aliyehakikishiwa kwamba atarudi hana haja ya kurundika.

Kamati zinazokaa sasa kupanga harusi za Desemba zina uwezo wa kubadilisha hili bila kuongeza shilingi. Wapigieni wenye kadi wiki ya sherehe, muulize nani anakuja kweli. Andikeni katika mkataba wa mpishi kwamba idadi ya mwisho itatolewa siku tatu kabla. Fungueni sehemu tatu za kupakulia, kuku na nyama vigawiwe na mhudumu, na mshereheshaji atangaze mapema kwamba kurudi kunaruhusiwa. Sherehe ikiisha, pimeni kilichobaki kwa mizani na muiandikie familia kilo hizo katika taarifa ya mapato na matumizi. Wachangiaji wana haki ya kujua fedha yao iliishia tumboni kwa nani, na ni kiasi gani kilitupwa.