Saa za Elektroniki za Kijapani: Mahali Pake ni Maabara ya Shule

Katika droo za mafundi saa, na pengine katika masanduku ya wastaafu wa ualimu au wa reli kule Manyoni na Itigi, huweza kukutwa saa ya mkono ya Kijapani ambayo si ya kutiwa ufunguo wala si ya kwatsi. Mwenye kuifungua hukuta betri, na kando yake gurudumu la mizani kama la saa za kale. Kwa kuwa imesimama, huhesabiwa kuwa mbovu ikatupwa. Hukumu hiyo ni ya haraka mno.

Mwaka 1957 kampuni ya Hamilton ya Marekani iliuza saa ya mkono ya umeme, lakini umeme wake ulipitia vidole vya chuma vilivyogusana na kuachana, navyo vilichakaa. Mwaka 1966 Citizen ya Japani ilitoa saa iitwayo X-8, yenye transista. Hapo ndipo penye utamu. Sumaku ndogo zilizofungwa katika gurudumu la mizani hupita karibu na koili na kuzalisha humo umeme mdogo, kwa kanuni ile ile ya Faraday ifundishwayo sekondari. Umeme huo huiamsha transista, nayo huruhusu mkondo wa betri kulisukuma gurudumu kwa wakati wake. Katika saa ya ufunguo kamani huendesha magurudumu, nayo huisukuma mizani; katika saa hizi mizani ndiyo iendeshayo mishale.

Umri wao haukuwa mrefu. Tarehe 25 Desemba 1969 Seiko ilitoa Astron, saa ya mkono ya kwanza ya kwatsi kuuzwa, yenye mitetemo 8,192 kwa sekunde. Hata hivyo Seiko hiyo hiyo iliendelea kuuza saa za mizani za elektroniki, zilizoitwa Elnix, katika miaka ya 1970, kwa kuwa kwatsi ilikuwa bado ghali.

Asitegemee mtu kukuta nyingi mkoani Singida. Saa ya ufunguo, au ya otomatiki inayojijaza kwa mwendo wa mkono, haihitaji betri. Na katika miaka ya uhaba wa fedha za kigeni, mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa ya 1980, jambo hilo halikuwa dogo. Kwa sababu hiyo hiyo, hizo chache zilizopo zastahili kutafutwa.

Lakini zitafutwe kwa ajili gani? Wako wakusanyaji wanaozing'arisha kasha, wakazibadilisha uso, kisha wakazifungia kabatini. Hiyo ni kazi ya sonara. Saa iliyokwaruzwa lakini inayotembea humfaa mwalimu wa fizikia kuliko kumi zinazometa.

Kuna tahadhari moja. Baadhi ya saa hizi zilitengenezewa betri za zebaki za volti 1.35, betri za oksidi ya fedha za siku hizi hutoa volti 1.55, na nguvu hiyo ya ziada huweza kuipotosha mizani. Betri kuukuu iondolewe na fundi, wala wanafunzi wasiipasue: zebaki ni sumu, ingawa wachimbaji wadogo wa dhahabu huishika kwa mikono mitupu.

Saa ikishatembea, darasa liilinganishe na saa ya simu kila siku kwa wiki moja, ikiwa imelazwa, kisha wiki nyingine ikiwa imesimamishwa. Tofauti ya mwendo itaonekana, na wanafunzi wataulizana sababu. Lisilinganishwe na jua bila maelezo. Saa za Afrika Mashariki hufuata longitudo ya digrii 45 Mashariki, na mji wa Singida uko karibu na digrii 34 na dakika 45. Basi kwa wastani jua hufika katikati ya mbingu zake yapata saa sita na dakika 41 za mchana. Mwanafunzi asiyeambiwa hilo, akipima kivuli cha kijiti saa sita kamili, ataishitaki saa isiyo na kosa.