Imani Haisimami Juu ya Milimita 13



Ndugu zangu, wapo wanaosambaza kwenye magrupu kwamba wanasayansi wameshindwa, chombo cha angani kimeongezewa mwendo na nguvu isiyoonekana, kwa hiyo takbir!

Asili ya habari ni kweli. Vyombo vinavyokwenda mbali hupitishwa karibu na Dunia ili mvuto wake uvipe kasi, na kasi hiyo hupimwa kwa mawimbi ya redio. Januari 1998 chombo cha Marekani kiitwacho NEAR kilipita juu yetu, kama kilomita 540 hivi, kikienda zaidi ya kilomita 12 kwa sekunde moja. Kilipoondoka, kilikutwa kimezidi hesabu kwa milimita 13 kwa sekunde. Upana wa ukucha! Galileo mwaka 1990 kilizidi karibu milimita 4. Sababu haijathibitishwa mpaka leo.

Lakini wasambazaji hawasemi kwamba Rosetta kilizidi kidogo mwaka 2005, kisha kikapita tena 2007 na 2009 bila kuzidi. Juno mwaka 2013, hakuna kitu. Sasa huo muujiza wako ulikwenda likizo?

Tena kuna Pioneer 10 na 11. Vilikuwa vikipungua mwendo kidogo kidogo kuliko hesabu, watu wakasema mengi. Mwaka 2012 wataalamu wakaonyesha ni joto la vyombo vyenyewe, lilitoka zaidi upande mmoja likawa linavisukuma nyuma. Kijana wa kidato cha pili uliyemwambia hiyo ndiyo dalili ya Mungu, siku hiyo utamwambia nini? Umeifunga imani yake kwenye joto la mtambo.

Sisi dalili yetu ni ule mpangilio wenyewe. Suratur-Rahman inataja jua na mwezi pamoja na hesabu yake, haitaji hesabu kuharibika. Na Suratul-Hujurat imetuamrisha kuhakiki habari kabla ya kuidhuru jamii nayo.

Mimi kilichonigusa ni kingine. Watu wale waliona pengo la ukucha, wakaliandika, wakalitangaza dunia nzima. Sisi mapengo ya mfuko wa msikiti tunayafunika kwa dua ya kufungia kikao.

Mwanao akikuuliza nini kilikisukuma NEAR, mwambie bado wanatafuta. Akipenda hesabu, mpeleke akatafute nao.