Namba Iliyomsuta Fermat

Yafaa kila mwalimu wa hisabati aiandike ubaoni namba hii: 4,294,967,297. Ni 2 kipeo cha 32, ukiongeza 1. Mwaka 1640 Mfaransa Pierre de Fermat aliona kuwa 3, 5, 17, 257 na 65,537, zitokanazo na kanuni hiyo hiyo kwa vipeo vya 1, 2, 4, 8 na 16, zote ni namba tasa. Akaamini kuwa zifuatazo nazo ni tasa. Mwaka 1732 Leonhard Euler alionyesha kuwa namba yetu ni zao la 641 na 6,700,417.

Wala haihitajiki mashine. Kigawo tasa chochote cha namba hii, kikigawanywa kwa 64, sharti kibakize 1. Basi majaribio ni matano tu: 193, 257, 449, 577, kisha 641. Mwanafunzi aweza kuyamaliza kabla kengele haijalia.

Nionavyo mimi, mazoezi yetu ya "endeleza mfululizo huu" humpa alama akisiaye upesi, wala (na hili ndilo linikeralo) hayamwulizi: umejuaje? Mifano mitano ilimpoteza bingwa; mwanafunzi wetu apewa mitatu. Hadi leo, baada ya 65,537, haijapatikana namba tasa nyingine ya kanuni hiyo.