Kufuli mbili kwenye mlango mmoja

KANDO YA NJIA KUBWA
Na Kasereka Mumbere

Anayetaka kujua uchumi wa Beni unaelekea wapi awaulize makomisyonere wa nyumba. Wale vijana wa simu mbili mkononi, wanaopanda na kushuka Boulevard Nyamwisi toka asubuhi, wanajua nyumba ipi ina choo cha ndani, ipi ina ukuta mrefu, ipi ina uwanja wa kuingiza jipu tatu, na mwenye nayo ana haraka ya pesa kiasi gani. Zamani walimuuliza mteja: "Unatafuta duka ao chumba?" Siku hizi swali la kwanza ni jingine: "Ni kwa biro?" Ukijibu ndiyo, bei imekwisha kupanda kabla hujaiona nyumba yenyewe.

Sababu tunaijua wote. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma iliingia mikononi mwa waasi wa M23. Gavana mpya wa kijeshi, Meja Jenerali Somo Kakule Evariste, aliteuliwa wakati mji mkuu wa jimbo hauendeki, akaketi Beni, na Beni ikawa makao ya muda ya Kivu Kaskazini. Nyuma ya gavana zikaja idara za jimbo, nyuma ya idara yakaja mashirika, nyuma ya mashirika wakaja watu wanaoishi kwa kuwauzia mashirika. Mji wa komini nne, Beu, Bungulu, Mulekera na Ruwenzori, ukaambiwa ubebe jimbo zima. Majengo hayaoti kwa amri ya gavana, kwa hiyo wageni wakaingia humohumo tulimokuwa sisi.

Sina ugomvi na wageni hao, na wengi wao walikimbia mabomu. Ugomvi wangu ni na kufuli.

Mambo huenda hivi. Mfanyabiashara amepanga mlango wa barabarani miaka mingi, anauza viatu na mashuka yaliyopitia mpaka wa Kasindi. Siku ya kupanga hawakuandika kitu: walikubaliana kwa mdomo, garanti ikalipwa kwa dola, wakapeana mkono. Jioni moja mwenye nyumba anapita: "Papa, kuna shirika limenipa bei nzuri. Mwezi ujao unalipa mara mbili ao unaniachia mlango." Mpangaji anaomba muda, anataja watoto na masomo. Siku zinapita. Asubuhi moja anafika kazini anakuta kufuli ya pili imening'inia juu ya yake, na mali yake yote iko ndani.

Majirani wanasikitika, halafu wanasema lile neno linaloniudhi kuliko kufuli yenyewe: "Utafanya nini? Nyumba ni yake."

Nyumba ni yake, kweli. Lakini sheria ya kupangisha mahali pa biashara haiishii hapo, na si sheria ya kutafuta mbali. Kongo iliingia katika OHADA, ule umoja wa sheria za biashara wa nchi kumi na saba za Afrika, na tangu tarehe 12 Septemba 2012 sheria zake zinatumika hapa kwetu sawa na Kinshasa. Ile ya biashara kwa jumla, iliyopitishwa Lomé mwezi Desemba 2010, ina sehemu nzima juu ya wapangaji wa maduka, maofisi, depo na viwanda vidogo. Kifungu cha 103 kinatambua mapatano ya kupanga hata kama hayakuandikwa. Yaani yule wa viatu, aliyepeana mkono tu, ni mpangaji kamili mbele ya sheria.

Tena si mpangaji wa huruma. Kifungu cha 123 kinasema aliyeendesha biashara yake mahali hapo kwa miaka miwili angalau ana haki ya kuongezewa muda. Mwenye nyumba anaweza kumkatalia, ila akimkatalia bila sababu nzito anamlipa fidia ya kumng'oa. Kama hawakuwekeana mwisho wa mapatano, anayetaka kuyavunja anatoa taarifa ya miezi sita. Nyumba ikiuzwa, mnunuzi anampokea mpangaji pamoja na kuta. Na hata mpangaji mwenye deni la pango hafungiwi mlango usiku: anaandikiwa kwanza, anapewa mwezi mmoja wa kujirekebisha, na akishindwa ni hakimu anayeamua. Kufuli ya pili haimo mahali popote katika vifungu hivyo. Ni ya mwenye nyumba peke yake, amejitungia.

Watu wengi wamesikia habari ya garanti ya miezi mitatu, wakadhani ndiyo inayotawala maduka. Hiyo inatoka kwenye sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, na inahusu nyumba za kuishi. Mwenye duka anayeishika hiyo mbele ya mwenye nyumba ameshika silaha ya mtu mwingine. Ya kwake, iliyo kali zaidi, ameiacha kabatini.

Sasa niseme na wenye nyumba, maana wengine ni marafiki zangu na watanipigia simu leo hii.

Wazee, tuliwahi kuona sherehe kama hii. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikaanzia Mangina, ikashuka Beni, ikafika Butembo. Watu 3,470 waliugua, 2,287 wakafa. Pamoja na msiba huo ilikuja riposti, yaani kazi ya kupambana na ugonjwa, na riposti ilikuja na dola. Magari yalikodiwa kwa siku, hoteli zilijaa, nyumba za familia ziligeuka maofisi. Wapo waliowatoa wapangaji wa zamani ili wapokee wale wa mashirika yenye bendera. Wapo waliokopa kujenga ukuta, kuchimba kisima na kuweka nafasi ya jenereta, kwa hesabu kwamba wageni hawatoki leo. Tarehe 25 Juni 2020 ugonjwa ulitangazwa umekwisha. Wageni wakafunga maboksi. Yule wa viatu alikwisha kupata mlango mwingine na hakurudi.

Butembo ilipata somo lake tena mwaka 2022. Baada ya maandamano ya Julai na watu waliokufa, MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa, iliondoka mjini mwezi Agosti. Aliyekuwa amepanga maisha yake juu ya mishahara ya kambi ile, mwenye baa, mwenye nyumba, dereva, alipanga upya.

Beni yenyewe inaitwa makao ya muda. Goma ikifunguka kesho, na sote tunaomba ifunguke, maboksi yatafungwa tena. Shirika linalolipa vizuri lina bajeti ya mwaka mmoja na barua ya mkubwa aliye Kinshasa au Ulaya. Muuza viatu ana miaka kumi na mlango uleule. Mwenye nyumba anayemfukuza wa pili ili ampate wa kwanza anabadilisha ng'ombe wa maziwa kwa nyama ya siku ya sikukuu. Kama hesabu hiyo inamridhisha, sawa, lakini alipe fidia ambayo sheria inamdai.

Upande wa wapangaji nao si wote malaika, na hapa ndipo penye utamu wa jambo hili. Nazungumzia kupangisha juu ya kupanga.

Pita Butembo, Rue Président de la République, uhesabu biashara zilizo ndani ya mlango mmoja. Mwenye jina kwenye kibao anauza vitambaa. Pembeni yake kijana ana meza ya M-Pesa na Airtel Money. Kwenye baraza kuna mama na cherehani. Nyuma ya pazia yuko mtu wa fotokopi, na juu ya ngazi, chumba cha wakala wa forodha anayefuatilia makontena toka Mombasa. Mwenye nyumba anamjua mmoja tu. Wengine wanamlipa huyo mmoja, na mara nyingi jumla ya wanacholipa inapita pango lote la mlango. Wapo wanaokaa bure namna hiyo, na faida inabaki.

Kuna wanaotaka jambo hilo lipigwe marufuku. Mimi sikubaliani nao. Butembo ilijengwa na wafanyabiashara ambao leo wanaagiza kontena Guangzhou na Dubai, na wengi wao hawakuanza na duka zima. Walianza na pembe ya duka la mjomba, na meza mbele ya mlango wa mtu. Ukiondoa ile meza umeondoa ngazi ya kwanza, na kijana asiye na garanti ya dola hana pa kuanzia tena. Katika miji yetu ambako benki hazimkopeshi kijana, mita mbili za baraza ndizo mkopo wake.

Ubaya uko katika kuficha. Kifungu cha 121 kinasema kupangisha juu ya kupanga ni marufuku, isipokuwa kama mapatano yenyewe yanaruhusu, na hata yakiruhusu mwenye nyumba lazima ajulishwe kwa maandishi. Asipojulishwa, hayuko chini ya mapatano hayo. Tafsiri yake mtaani ni kwamba siku mwenye jina kwenye kibao akitoroka na deni, mama wa cherehani na kijana wa M-Pesa hawana lolote la kumwonyesha mwenye nyumba. Walilipa kila mwezi bila kukosa, na wanatolewa kama wavamizi. Nimeona mashine za kushona zikiwa barabarani kwenye mvua kwa sababu ya deni la mtu ambaye wakati huo alikwisha kuvuka mpaka.

Mwenye nyumba anayekasirika kwamba mpangaji wake "anakula juu ya mgongo wake" naye asome mbele kidogo. Kifungu cha 122 kinampa njia: pango la wapangaji wa ndani likizidi pango kuu, anaweza kudai pango kuu lipandishwe kwa kiasi hicho. Kwa hiyo uwazi unamlipa yeye pia. Karatasi moja yenye majina ya wote waliomo, kila mmoja na mita zake na dola zake, inamlinda mwenye nyumba, mwenye kibao na mwenye meza. Wote watatu wanaiogopa kwa sababu moja tu, nayo ni kodi ya serikali juu ya mapato ya kupangisha. Hapo siwezi kuwasaidia. Kodi hiyo ipo, na barabara yenye mashimo mbele ya jengo la ghorofa nne ni nusu ya jibu la kwa nini watu hawaitoi kwa moyo. Nusu nyingine ni sisi wenyewe.

Majirani zetu wamepita njia hii. Kenya ina sheria ya mwaka 1965 juu ya wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa: huko mpangaji asiye na maandishi ndiye anayelindwa zaidi, hatolewi wala kupandishiwa bila taarifa ya miezi miwili, na kuna baraza maalumu la kusikiliza ugomvi wao. Uganda, ambako wafanyabiashara wetu wanalala kila wiki, ilitunga sheria yake mwaka 2022: pango lisipande zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na mapatano ya thamani ya shilingi 500,000 na zaidi yaandikwe. Sisemi kila mwenye nyumba wa Kampala anaitii. Nasema mwenye duka wa Kikuubo anajua namba ya kutaja anapotishwa, na wa Matonge hapa Beni hajui.

Kuandika si kazi ya wakili wa dola mia. Huduma ya Habitat, yaani idara ya makazi, iko kwenye kila komini, na kazi yake ni hiyo. Ila mkiandika, msinakili karatasi ya Kinshasa tu. Andikeni mji wetu. Siku za mgomo wa ville morte, maduka yakifungwa wiki nzima, pango linahesabiwaje? Watu wakikimbia kwa risasi, kama Beni ilivyozoea tangu Oktoba 2014, mali iliyobaki ndani inalindwa na nani, na mlango unahesabiwa umeachwa baada ya muda gani? Umeme wa jengo unagawanywaje kati ya mwenye friji na mwenye meza? Garanti inarudi lini, na mpangaji anayeondoka anaruhusiwa "kuila" kwa miezi ya mwisho ao hapana? Bei ni kwa dola ao kwa faranga, na faranga kwa kima cha siku ipi? Ugomvi wote ninaousikia kwenye milango ya maduka unatoka katika maswali hayo.

Kwa viongozi wa jimbo nina ombi moja tu, kwa kuwa sasa ni majirani. Ofisi zenu nazo zimepanga. Ninyi muwe wa kwanza kuandika mapatano, kulipa kwa wakati, na kukataa nyumba ambayo mpangaji wake ametolewa kwa kufuli ili ninyi mwingie. Komisyonere akiwaletea mlango mzuri wa barabarani, muulizeni nani alikuwa ndani mwezi uliopita na ametokaje.

Na wewe mwenye duka ambaye una miaka miwili na zaidi mahali pako bila karatasi: usingoje jioni ile. Kusanya risiti zote za pango ulizo nazo, na kama huna risiti tafuta mashahidi wawili, nenda kwa mwenye nyumba wakati bado mnasalimiana vizuri, mwombe muandike. Akikataa, nenda komini peke yako ukaeleze, na utaje kifungu cha 123.