Gor Mahia: Mnyonge Mnyongeni, Haki Yake Mpeni

Mimi ni shabiki wa Gor Mahia, na leo nina neno na waandishi wa magazeti.

Timu hii iliundwa mwaka wa 1968. Mwaka wa 1987 ilitwaa Kombe la Washindi barani Afrika kwa mabao ya ugenini, baada ya kutoka sare ya 2-2 na Espérance kule Tunisia na 1-1 hapa Nairobi. Mwaka wa 2015 ilichukua ligi bila kushindwa mechi hata moja. Lakini ukifungua ukurasa wa michezo baada ya mechi yenye vurugu, waona nini? Picha ya mawe na viti vilivyovunjwa! Bao lenyewe limebanwa pembeni kama tangazo la kitambulisho kilichopotea.

Sisemi wahuni hawapo. Wapo, na washikwe, wapelekwe kortini. Lakini kuandika ati "mashabiki wa Gor wazua fujo" ni kutupa kapu zima kwa sababu ya samaki mmoja aliyeoza. Je, maelfu walioimba wakarudi nyumbani kwa amani, hao si habari?

Jameni, maneno haya yana madhara. Mzazi akiyasoma, anamkataza kijana wake kwenda uwanjani. Mdhamini akiyasoma, anafunga mfuko, na anayeumia ni mchezaji ambaye hakurusha jiwe lolote.

Enyi waandishi, makosa yetu yaandikeni, lakini na mema yetu pia. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.