MASHINE HAIKESHI NA MGONJWA

Wananchi,

Katika mikutano ya matawi yetu wito huu wasikika mara kwa mara: hospitali zetu zipewe mashine za kupumulia, ili watoto mahututi wasife kwa kukosa pumzi. Wito huo ni wa haki, nasi twauunga mkono. Roho ya mtoto wa mkulima haina bei ndogo kuliko ya mtoto wa mkubwa apelekwaye ng'ambo kwa ndege. Lakini yatupasa tujue vizuri tunachodai.

Agosti 1952 mji wa Copenhagen, Denmark, ulikuwa umevamiwa na polio. Wagonjwa wengi walikuwa watoto, na misuli yao ya kupumulia ilipooza. Hospitali ya Blegdam ilikuwa na mashine 7 tu. Katika wagonjwa 31 wa kwanza waliotibiwa kwa mashine hizo, 27 walikufa. Ndipo Daktari Bjørn Ibsen aliposhauri binti wa miaka 12 atobolewe koo na kutiwa mpira, akampulizia hewa kwa kuminya mfuko kwa mkono. Binti hakufa. Basi wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 wakapokezana zamu, mchana na usiku, wakiminya mifuko. Vifo vikapungua karibu nusu. Watu ndio waliookoa watu.

Hata leo mambo ndiyo hayo. Mpira uingiao kooni mwa mtoto ni mwembamba: makohozi huuziba, naye akijigeuza huweza kuchomoka. Hewa ikizidi nguvu huumiza mapafu. Ikipungua, mtoto hukosa pumzi. Mashine yaweza kupiga kengele, lakini haiwezi kumfyonza mtoto makohozi. Kazi hiyo ni ya muuguzi aliyefunzwa, akeshaye kando ya kitanda.

Tazameni pia chombo rahisi kisichohitaji mpira wa kooni, kisukumacho hewa puani kwa chupa ya maji yenye mapovu. Huko Dhaka, Bangladesh, chini ya uangalizi wa madaktari, watoto wa nimonia waliopewa chombo hicho walikufa 4 katika 100, na waliopewa oksijeni ya kawaida 15. Habari hizo zilitolewa 2015. Malawi, katika hospitali ya wilaya isiyo na daktari wa kila siku, mambo yaligeuka: walikufa 17 katika 100 kwa chombo, na 11 kwa oksijeni ya kawaida. Hayo yalitangazwa 2019. Wagonjwa wa pande mbili hawakuwa sawa, lakini onyo liko wazi.

Hatusemi maskini waridhike bila mashine. Twasema mashine ije pamoja na watu wake. Kiongozi akija kukata utepe, kila tawi limwulize kwa adabu: Wauguzi wa zamu ya usiku ni wangapi, na wamefunzwa kazi hii? Oksijeni itatoka wapi? Umeme ukikatika itakuwaje? Fundi ni nani, na fedha za vipuri zimetengwa? Asipokuwa na majibu, ametuletea samani.

Tuwasomeshe vijana wetu uuguzi, tuwalipe mshahara wa kuwaweka kazini, kisha tudai mashine kwa sauti moja. Uhuru ambao mtoto hawezi kuuvuta pumzi haujamfikia bado.

Uhuru na Kazi!