Waulizeni Majirani Kabla ya Kutoa Garanti

Ndugu zetu wa Bunagana mnaohamia Goma, iwe kwa biashara, kwa masomo ya watoto, au kwa sababu ya vita, tangu waasi wa M23 walipouteka mji wenu tarehe 13 Juni 2022, ninalo neno moja kuhusu nyumba. Msianze na bei, wala msianze na komisioneri, yaani dalali wa nyumba. Anzeni na majirani.

Mambo huenda hivi: mtu anashuka kwenye gari la Rutshuru na mizigo yake, anapewa namba ya simu, na jua halijazama amekwisha kuzungushwa parseli tatu na kuambiwa kuna mwingine anayeitaka ile ya mwisho. Sisemi komisioneri ni mtu mbaya. Naye ana watoto wa kulisha. Lakini ujira wake huiva siku unapolipa, si siku unapolala salama. Kumtaka akutajie kasoro za nyumba ni kumtaka avunje biashara yake kwa mdomo wake mwenyewe.

Jirani hana ujira hapo, na Goma ina mambo ambayo jicho la mgeni halioni. Nenda upande wa magharibi, Keshero na Lac Vert kuelekea Mugunga. Huko kuna sehemu zenye mazuku, yaani gesi ya kaboni dayoksaidi inayopanda kutoka ardhini kupitia nyufa za mawe ya volkano. Haina rangi wala harufu ya kukushtua. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutulia mashimoni na mabondeni, hasa usiku na alfajiri pasipo upepo. Mtu mzima aliyesimama huweza kupita asijue lolote, na mtoto aliyeinama kuokota mpira akaanguka palepale. Nyumba iliyo kwenye kishimo cha namna hiyo inaweza kuwa na rangi mpya, sakafu safi na bei ya kufurahisha. Mama wa parseli ya pili ndiye anayejua kwamba asubuhi huonekana mijusi na ndege waliokufa nyuma ya ukuta, na kwamba upande ule hakuna anayefunga mbuzi. Komisioneri hatakupeleka nyuma ya ukuta.

Kaskazini nako kuna maswali yake. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 iliteketeza nyumba huko Buhene ikakomea mlangoni mwa Goma. Siwaambii msikae huko, maana mji mzima uko chini ya mlima huo. Nasema ulizeni watu wa avenyu walikimbilia njia gani mwaka 2021, na kama kichochoro kati ya nyumba za mbao kinapitisha watu wawili sambamba. Siku ya moto, hata ule wa jiko tu, jibu hilo lina thamani kuliko dirisha la vioo.

Na choo! Aliyezoea udongo wa Bunagana hudhani shimo ni kazi ya jembe. Hapa ni mwamba wa lava, unaovunjwa kwa nyundo na patasi, kwa hiyo mashimo mengi ni mafupi na hujaa upesi. Hesabu milango inayotumia choo kimoja. Uliza pia maji hutoka siku gani, na bidoni moja hununuliwa bei gani bomba linapokauka.

Mtu atasema: mwenye watoto barabarani hana nafasi ya kuhoji mtaa mzima. Kweli. Ndiyo maana nashauri mfikie kwanza kwa jamaa, hata chumba kikiwabana, au mpange chumba cha muda mfupi. Aibu ya kubanana kwa shangazi huisha. Garanti, yaani amana ya kodi, ikilipwa kwa pupa hairudi upesi.

Kuhusu garanti yenyewe, sheria ya Kongo ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema kwa nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi mitatu. Anayedai miezi sita anategemea ugeni wako. Tena, tangu mji wa Goma ulipoingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025 na mabenki kufunga milango, dola hutoka mkono hadi mkono. Kwa hiyo dai karatasi yenye sahihi ya mwenye nyumba na ya shahidi, na shahidi bora ni mkubwa wa nyumba kumi, maana yeye ndiye anayejua kama parseli ina kesi ya urithi.

Nasi tuliotangulia Goma, mgeni akibisha hodi kuuliza habari za parseli ya pili, tusimjibu kwa kuinua mabega. Tumwambie habari ya maji, ya choo na ya lile shimo nyuma ya ukuta, hata kama mwenye nyumba ni rafiki yetu na atatununia.